Kagunia ka Nekesa

Hako kagunia kalinuka moshi na maganda ya machungwa, na mpaka leo nikiskia hizo harufu mbili pamoja wivu unanirudia. Kalikuwa kagunia ka mchele tu, kamefungwa na kamba juu, lakini Nekesa alikabeba mpaka kwetu Lindi, mtaa wa Kibera, kama mtu amebeba mtoto mchanga. Nekesa ni mtoto wa dada ya mama yangu. Wao walikuwa wanaishi Kawangware, lakini kila Jumamosi alikuja Kibera kwa kilabu ya watoto ya kanisa yetu. Tulikuwa na miaka kumi na moja sisi wote. Mwaka huo kilabu ilipata nafasi ya kupeleka watoto wakalale msituni siku mbili, na darasa letu la kilabu lilipewa nafasi moja tu. Mwalimu akasema itaenda kwa mwenye anajua masharti ya msitu kwa kichwa.

Sasa skiza, mimi ndio nilimfundisha Nekesa hayo masharti. Wiki nzima alilala kwetu, tumekaa kwa kitanda ya mama, nikimsomea mpaka akashika. Tenti unaweka mahali wengine walishaweka, usiue nyasi mpya. Moto unawasha ndani ya mawe yaliyopangwa ya moto peke yake. Nyani usimpe chakula hata akikuangalia kama ndugu yako. Sabuni usioshee mtoni. Usichukue kitu, hata unyoya, na chochote umeingia nacho, toka nacho. Siku ya kuulizwa nilijibu yote, sikukosa hata moja. Lakini nikiwa kwa lile la nyani, Brayo, kijana wa darasa letu, akasema nyuma, "Huyo nyani ndio atamwogopa Nafula," watu wakacheka, na mimi nikageuka nikamwambia vile nitamfanya tukitoka nje. Nilisema kwa sauti ya soko. Mwalimu akaniangalia tu. "Sharti la mwisho linasema nini, Nafula?" Nikaketi, kwa sababu nililijua. Msituni hakuna kelele, wewe ni mgeni. Nafasi ikaenda kwa Nekesa.

Alirudi Jumapili na hako kagunia, ndugu zangu wakamzunguka wakidhani ni zawadi. Mama akamuuliza, "Umetuletea nini, mami?"

"Taka zangu, auntie."

Nyumba yote ilicheka, lakini yeye hakucheka. Alisema mwalimu atakagua kila kagunia Jumamosi, mbele ya watu, kwa sababu anataka kuona ni nani ataenda kutupa akishafika mtaani, mahali hakuna mtu anamwangalia. Mwenye atakuja bila taka zake hataenda kempu kubwa ya Agosti, ile ya mlimani. Halafu akaanza kutuambia vile huko ni kimya mpaka unaskia mwenzako akitafuna chapati kwa tenti ingine. Mimi nilikuwa naskia redio tatu za majirani na mtu akigonga bati, na nikamchukia kidogo. Akienda kwao Kawangware aliniachia kagunia, asikabebe huku na huku mpaka Jumamosi. "Niwekee chini ya kitanda. Wewe ndio naamini."

Siku nne nililala juu ya hiyo harufu. Alhamisi nikitoka shule nikakachukua, nikaenda kwa mtaro nyuma ya ploti, pale kila mtu hutupa, nikakatupa. Hakuna mtu aliuliza. Kesho yake roho ikanisumbua, nikashuka mtaroni na kijiti kutafuta, lakini utajua aje taka ya msitu na taka ya Lindi? Zote zilikuwa rangi moja. Nikatafuta gunia ingine, nikaokota maganda ya machungwa kwa kibanda ya matunda, nikatia makaa ya jiko ndio inuke moshi, na gazeti fulani iliyokunjwa sikuifungua hata.

Jumamosi Nekesa akaibeba bila kujua, na mwalimu akamwaga kila kitu chini. Ile gazeti ikafunguka yenyewe, na ndani kulikuwa na vichwa vya omena, wale dagaa wa ziwa.

"Kwani huko mlikula omena?"

Darasa ikapasuka kwa kicheko. Nekesa akaangalia vile vichwa, halafu akaniangalia mimi, na nikaona ameelewa yote. Akasema pole pole, "Ni zangu, mwalimu." Yaani alikuwa tayari kupoteza mlima ndio nisiaibike. Ningenyamaza, sijui leo ningekuwa mtu wa aina gani. Lakini Brayo akasema watu wa Kawangware hubebea nyani omena, na nikajipata nimemshika shati hapa shingoni, nikipiga kelele, "Wachana na yeye, ni mimi nilitupa, ni mimi." Agosti Nekesa alienda mlimani. Mimi nilitolewa kwa kilabu, na nilistahili.

Siku hizi Nekesa ni askari wa msitu. Anasimama kwa geti na kusomea wageni masharti, kwa mpangilio ule ule nilimfundisha kwa kitanda ya mama. Mwezi uliopita nilienda kulala huko mara yangu ya kwanza, nikilipa kama mgeni yeyote. Ni kweli, unaskia mtu akitafuna. Nikitoka akanisimamisha na uso wa kazi. "Fungua begi, dada." Akapekua maganda, akapekua karatasi. "Omena hakuna?" Tukacheka mpaka wageni wengine wakatuangalia vibaya.

Nilidhani wivu umeisha hapo. Lakini nilishuka Lindi na kagunia kangu ka taka za msitu mkononi, nikasimama kwa ule mtaro, na umepanuka kuliko zamani. Nikaionea miti wivu: iko na mtu wa kuambia wageni wasitupe hata ganda moja, na sisi wenye tunalala hapa hatuna hata mtu mmoja wa kutusomea masharti. Nikarudi nako nyumbani. Kako chini ya kitanda mpaka leo, kananuka moshi, kwa sababu sijapata mahali pa kukatupa.