Asmaa, fundi asiyekimbilia kufuta

Saa mbili asubuhi mjini Biharamulo, Asmaa Suleman ameilaza laptopu kifudifudi juu ya robota la vitenge na anasoma kibandiko cha chini kwa tochi ya simu. Mbele ya duka, mama yake, Mwatumu, anampimia mteja shuka huku akilalamika kwamba robota lile ni la kuuza, si meza ya ufundi.

"Dakika tano tu, mama."

"Dakika tano zako nazijua mimi. Zinafika adhuhuri."

Asmaa ana miaka 31. Alianza kwa kuchapa barua na kutoa nakala kwenye kona ya duka hili la familia. Mashine zilipoharibika na fundi wa mbali akachelewa, alizifungua mwenyewe. Leo wateja wanamfuata kutoka Nyakahura hadi Rulenge. Mwezi mzuri unamwachia kama shilingi laki tatu, na sehemu kubwa inarudi kwenye bando la intaneti.

Mwenye laptopu ya leo amekaa kwenye benchi, begi tupu mapajani. Ni Danstan Rwekaza wa Nyantakara, mpiga video wa harusi na misiba. Alinunua laptopu ya gemu iliyokwishatumika kwa sababu chipu yake ya picha ina nguvu ya kuunga video bila kukwama. Tangu Jumapili, kioo chake ni cheusi.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi ukoo wake unaweka msalaba kwenye kaburi la mama yake, Bernadetha, aliyefariki mwaka jana. Humo ndani mna video alizompiga kwa miaka mingi: akipepeta maharage, akiimba kwaya, akimgombeza yeye Danstan. Alikuwa anaziunga ziwe filamu ya kuwaonyesha ndugu siku hiyo.

"Mimi ndiye ninayetunza kumbukumbu za kijiji kizima," anasema. "Za mama yangu sina nakala hata moja." Anasema hivyo bila kucheka, na mimi, mwandishi niliyekaa kando yake, sioni cha kuchekesha.

Balaa lilianza na gemu ya mpira iliyokuwa ikikatakata. Rafiki yake wa Nyakahura, mwenye laptopu inayofanana na yake kabisa, akamwazima draiva kwenye flashi. Draiva ni programu inayoielekeza kompyuta namna ya kutumia kifaa chake, kama vile hiyo chipu ya picha. Huku bando ni ghali na mtandao ni wa kubembelezwa, kwa hiyo watu wanaazimana programu kama wanavyoazimana chumvi. Danstan akaiweka, akazima, akawasha. Giza.

Fundi mmoja wa gulioni akamwambia dawa ni kupiga Windows upya, yaani kufuta kila kitu na kuanza na programu mpya. Dawa hiyo hapa ni ya kila ugonjwa: sauti ikikata, piga Windows, chaji ikisumbua, piga Windows. Danstan akauliza, je, video zake?

"Akaniambia hizo zitaondoka, lakini mashine itapona," anakumbuka. "Nikairudisha kwenye begi."

Asmaa anaiwasha laptopu katika ile hali ya dharura inayoamsha vitu vya lazima tu. Kioo kinafunguka, maandishi yakiwa makubwa na manene. Jambo la kwanza analofanya ni kuhamishia video za Bernadetha kwenye diski ya pembeni aliyo nayo dukani. Danstan anashusha pumzi.

"Unaifanyia nini zaidi, kaka?"

"Kuunga video. Na gemu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Danstan anaangalia chini. Mwatumu anacheka kule mbele.

Asmaa anaiondoa draiva ya kuazima. Kisha, kwa jina lililo kwenye kibandiko, anaitafuta nyingine kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu. Anaipakua haraka, kabla mji mzima haujaanza kugombea mtandao. Anaiweka, anazima, anawasha.

Giza tena.

Mwatumu anageuza shingo kuangalia, kisha anaendelea kukunja shuka lililokwisha kukunjwa.

"Dada, tupige Windows tu yaishe," anasema Danstan. "Si umeshahamisha?"

"Nimehamisha vipande. Kazi uliyokwisha kuiunga imo kwenye programu yako. Tukifuta, unaanza moja."

Baadaye atakiri kwamba pale alikaribia kukubali. Kufuta ni rahisi, na hakuna mteja anayemlaumu fundi aliyefuta, maana wote wamezoea. "Lakini ukishazoea kufuta, hujui tena kuuliza," anasema.

Anaigeuza laptopu tena. Safari hii hasomi kibandiko, anaangalia skrubu. Nyingine ni ndefu, nyingine fupi, mbili zina kutu. Ganda hili limewahi kuvuliwa. Kumbe laptopu nyingi zilizotumika ni mbili zilizokufa, zikaunganishwa ikapatikana moja inayopumua.

Anarudi kwenye hali ya dharura, anafungua orodha ya vifaa na kusoma namba ya utambulisho iliyo kwenye chipu yenyewe. Ni ya zamani kuliko kibandiko kinavyodai. Laptopu ya rafiki na ya Danstan zinafanana ganda tu.

"Nimesoma nguo, sikumuuliza mtu jina lake," anasema Asmaa, akijikasirikia waziwazi. "Na mimi ni mtoto wa duka la nguo!"

Sasa kuna kuchagua. Chipu hiyo ina draiva mbili zinazoifaa. Moja ni mpya, ya kukimbiza gemu za mwaka huu. Nyingine ina umri kidogo na imetengenezwa kwa watu wa video. Haina mbwembwe, ila imetulia. Asmaa anapakua hiyo ya pili. Anafuta mabaki ya zile mbili za mwanzo, na anazima data kabisa ili kompyuta isijiletee nyingine yenyewe katikati ya kazi.

Adhana ya adhuhuri inamkuta mstari wa kuweka draiva umefika nusu. Anauacha ujae, anakwenda kuswali. Anaporudi, Danstan hajathubutu hata kuligusa robota.

Anazima. Anawasha. Rangi zinajaa kioo kizima. Danstan anafungua filamu yake, na Bernadetha yuko pale na ungo wake, amesimamishwa katikati ya kicheko.

Danstan anajifuta macho kwa begi. Kisha, kijana ni kijana, anauliza kama wanaweza kuijaribu kwa gemu moja.

"Hadi Jumamosi, hii ni mashine ya mama yako," Asmaa anamjibu. "Jumapili utacheza."

Jumamosi, Nyantakara, ibada imekwisha na watu wamekaa chini ya turubai mbele ya runinga ya kuazima. Asmaa amealikwa, ameketi kwa akina mama, mtandio kichwani. Bernadetha anatokea na sufuria mkononi, akimgombeza mwanawe kwa Kisubi: tangu asubuhi unanipiga picha, kuni atachanja nani?

Turubai zima linacheka. Mzee Pancras, mume wa marehemu, hacheki. Amevua kofia.

"Rudisha hapo," anasema.

Danstan anarudisha. Mzee anasikiliza hadi mwisho, kisha anasema tena, kwa sauti ya chini zaidi: "Rudisha."

Njiani kurudi mjini ninapomuuliza Asmaa mipango yake, nategemea kusikia habari za duka kubwa au mashine mpya. Anasema anao mpango mmoja tu, wa Idi hii: kumrekodi mama yake akiuza vitenge na kusema maneno yake yale ya kulalamika.

Amekwisha kumwomba, na amekataliwa. Tunapofika dukani anajaribu tena mbele yangu, simu mkononi.

Mwatumu anaiangalia simu, anamwangalia binti yake.

"Kwani mimi nimekuaga? Nimekwambia nakufa?"

Asmaa ameshabonyeza kurekodi.