Maji Chini ya Maua ya Mama

Mke wangu tulimzika nyumbani, Moshono, kando ya migomba, kama ilivyo desturi ya kwetu Wameru. Kiangazi kilichofuata kila kitu uani kilikauka, isipokuwa maua ya kaburini. Binti yangu wa miaka saba akasema mama yake ndiye anayeyamwagilia. Sikumsahihisha. Kusema kweli, mimi mwenyewe nilishaanza kuamini. Kila asubuhi tulisimama pale, yeye akimsimulia mama habari za shule, mimi nikishukuru kimoyomoyo, na angalau siku ilipata pa kuanzia.

Kilichoniponza ni mita ya maji. Siku moja nilifunga koki zote ili niende kwa dada yangu Usa River, nikaona kigurudumu chake bado kinazunguka taratibu. Nikamwita fundi bomba, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alitia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, akasubiri. Maji ya bakuli la choo hayakubadilika rangi; choo hakivuji. Akapapasa kuta za jikoni na bafuni kwa kiganja. Kukavu. Kisha akachukua nondo, akawa anaichomeka ardhini hatua kwa hatua kufuata njia ya bomba kutoka getini, kila mara akitega sikio kwenye ncha yake. Alipofika kwenye maua akasimama, akavua kofia.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Ni hapa."

Nilikumbuka siku ya mazishi: jirani mmoja kati ya waliochimba kaburi alikuja kuninong'oneza kwamba sururu imepasua bomba kidogo. Jeneza lilikuwa limeshafika, mchungaji ameshavaa kanzu. Nilimjibu, "Lifungeni tu kwa mpira, tusiwacheleweshe watu." Wakalifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, wakafukia. Miezi yote ile nilimwacha mke wangu alale kwenye maji, na kila asubuhi nilikuwa nashukuru!

Fundi hakugusa kaburi. Alikata bomba mbali na kaburi, akapitisha jipya upande wa pili wa nyumba. Kigurudumu kikatulia. Aliniambia kazi imekwisha, nami nikatamani aseme amekosea.

Wiki mbili hazikuisha, maua yakaanza kuinama. Nilinyanyua ndoo niyamwagilie kabla mtoto hajaona, nikashindwa. Nimmwagie tena maji juu yake? Nikairudisha ndoo jikoni.

Aliona siku ileile.

"Baba, mama amechoka?"

Ningeweza kumdanganya, na hadi leo kuna siku najuta kwamba sikufanya hivyo. Nilimweleza yote: bomba, mpira, mimi niliyesema lifungwe tu. Alisikiliza mpaka mwisho, begi la shule mgongoni, macho yake kwenye yale maua.

"Kumbe nilikuwa naongea peke yangu," alisema, akatoka kwenda shule.