Jiko la Mama Katika Kitabu cha Mjerumani

Miaka ile ya sabini, nikisomea uuguzi Birmingham, Uingereza, nilipanga chumba mtaa wa Selly Oak kwa mzee mmoja Mjerumani. Alikuwa mwandishi wa habari, lakini riziki yake ilitoka kwenye vitabu alivyowaandikia watu wa kawaida: historia ya kitanda, historia ya kijiko, historia ya kuoga. Kutulia alikuwa hakujui. Aliandika amesimama, akiizunguka meza, vikombe vya chai vikimpolea kila pembe ya nyumba. Nami zamu za wodini zilikuwa zimenifanya mtu wa kushtuka hata birika likilia, kwa hiyo tuliwezana.

Mwaka huo alikuwa na historia ya jiko. Jumapili moja, nikipiga pasi sare zangu, akanisomea ukurasa huku akitabasamu. Kwanza watu wa mapangoni, halafu mafiga matatu, halafu maneno haya: "kama wanawake wa Kenya wanavyopika mpaka leo." Warumi wakafuata. Mafiga ya mama yangu, niliyomsimulia mimi mwenyewe, kayapachika kati ya mapango na Warumi!

Hasira zilinipanda. "Mzee, mtoe mama yangu humo."

"Wasomaji watapenda."

"Mama yangu si wa kale. Ana redio. Anabishana na diwani. Mtoe, ama nitafute chumba kwingine."

Na pa kwenda sikuwa napo. Wenye nyumba wengi wakiniona tu mlangoni, chumba kilikuwa kimeshachukuliwa.

Akaizunguka meza weee. Kisha akaketi, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona, akaniambia jiko la mama yake liliteketea kwa mabomu wakati wa vita, mama yake akiwa humo, na tangu hapo hajaweza kukaa mahali. Akashika kalamu. "Basi nieleze mama yako anavyopika sasa. Nitaandika hivyo hivyo."

Nilijua mama yangu alivyopika nilipoondoka, miaka minne nyuma. Kama alishanunua jiko la mafuta ya taa, kama bado anainama au mgongo umegoma, kama yuko wa kumtekea maji, hayo sikuwahi hata kuuliza.

"Sijui," nikasema.

Akaukata mstari wote. Nilipata nilichokitaka, nikarudi kwenye pasi nikilia, maana hata mimi mama yangu nilikuwa nimeshamfanya mtu wa zamani.