Nyuki wa Mwalimu Anatoli

Mwalimu Anatoli wa Kasulo alisifika kwa tungo. Ukiozesha, alikutungia, ukifiwa, alikutungia, hata kabla hujamwomba. Lakini shairi lililowaliza watu ni lile la rafiki yake Xavery, mkimbizi kutoka Rwanda. Miaka miwili na nusu walikunywa pombe ya ndizi chungu kimoja, mirija miwili, wakacheka mpaka wake zao wakachoka nao.

Desemba ya 1996 wakimbizi waliamriwa kurudi kwao, na Xavery hakuonekana tena. Pasaka iliyofuata, baada ya misa, Anatoli alisimama uwanjani mbele ya waumini akaghani:

"Nyuki wangu wamehama, mzinga wangu u pweke."

Beti saba nzima. Akina mama walijifuta macho kwa vitenge. Hata Frednand, fundi baiskeli asiyejua huruma, alipenga kamasi. Anatoli aliona raha, na raha hiyo ndiyo iliyokuja kumtesa.

Bibi Agripina, mzee aliyefuga nyuki tangu usichana wake kule Mabawe, hakulia. Alingoja watu watulie.

"Mwalimu, nyuki hawahami hivi hivi. Wako walifukuzwa na nini?"

"Shikamoo, bibi. Huo ni mfano tu."

"Marahaba. Najua ni mfano, mwanangu. Ndiyo maana nauliza."

Kwenye benchi, mkewe Verediana aliinamisha kichwa. Yeye alikuwepo asubuhi ile ya mvua, Xavery alipokuja kuomba hifadhi ya siku mbili tu. Alitaka kuitikia, mumewe akamshika mkono. Serikali ilikwisha kuonya wanaoficha watu, na Anatoli, tuseme ukweli, alikuwa mwoga. Walisimama nyuma ya mlango mpaka mgeni akaenda zake.

Sasa aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitafuta mfano mwingine, wa mto, wa mgomba, wa chochote kile. Mwanamume aliyekuwa na maneno ya kila harusi na kila matanga hakupata hata moja.

"Alibisha hodi kwangu," alisema mwishowe, bila kughani. "Aliniita kwa jina mara tatu. Nilikuwa ndani, nikanyamaza."

Akabaki amesimama pale, hajui akae au aondoke.