Baudilio Aliyeuza Maji ya Mfereji

Siku Baudilio Astorga alipouza maji yake, alicheka mpaka akashika mbavu. Bwana mmoja wa mjini, mwenye viatu vya kung'aa, alikuja nyumbani kwake bondeni Petorca, akaketi jikoni, akaomba auziwe haki ya maji ya mfereji. Shamba hakulitaka. Maji tu. Sheria mpya ya wanajeshi waliotwaa nchi ilikuwa imetenga maji na ardhi, na mfereji uliochimbwa na babu zao ukawa mali ya kuuzwa vipande vipande.

"Utayabebea wapi, bwana?" Baudilio alimuuliza. "Kwenye kofia?"

Akatia sahihi. Mkewe, Edelmira, hakucheka.

"Mzee wangu, mtu hanunui kitu asicho na kazi nacho."

"Mjinga hununua. Wewe chagua jiko la gesi unalolitaka."

Jiko lilikuja. Nicanor, mlinzi wa mfereji, aliyemsimamia binti yao Orfelina ubatizo, kila akipita dirishani alimtania Baudilio: "Mto umeshauza, ndugu yangu. Mawingu unauza lini?" Na maji yaliendelea kufika kwenye milimau ya Baudilio miaka mingi, kwa kuwa mnunuzi hakuyagusa. Baudilio akaamini kabisa kwamba amempiga chenga mtu wa mjini.

Kisha vilima ambavyo tangu Mungu aviumbe havikuota ila miiba na dungusi, vikapandwa miparachichi mpaka kileleni, na mabomba meusi yakapandisha huko juu maji yale yaliyouzwa. Ukame ulipoingia, mto ukabaki mawe. Asubuhi moja Baudilio alikwenda kufungulia maji ya zamu yake, akakuta lango la mfereji lina kufuli, na Nicanor kasimama hapo anatazama chini.

"Fungua, ndugu yangu."

"Siwezi. Siku hizi wenye miparachichi ndio wanaonilipa."

"Kidogo tu. Milimau inakufa."

"Nikikufungulia, kesho atasimama hapa mtu asiyekujua hata jina. Bora mimi."

"Bora wewe kwa nani?"



Milimau ilikauka mmoja baada ya mwingine, ukabaki ule wa mlango wa jikoni, alioupanda Edelmira mwaka waliofunga ndoa. Edelmira mwenyewe Bwana alikuwa ameshamwita. Baudilio akaapa kwamba huo hautakufa yeye akiwa hai. Maji ya kunywa sasa yaliletwa na lori la manispaa. Alioga kwa kikombe, akasugua sahani kwa majivu, na yaliyobaki akaumiminia mti.

Siku ya Mtakatifu Isidro, msimamizi wa wakulima, sanamu yake ilizungushwa mashambani kuomba mvua. Baudilio alifuata nyuma, kofia mkononi, mdomo kaufumba.

"Baba, husali?" Orfelina alimnong'oneza.

"Nisali inyeshe, halafu iwe ya nani?"

"Usiseme hivyo. Mungu anasikia."

"Najua anasikia. Lakini naona hata Yeye wamemfungia lango."

Orfelina akapiga ishara ya msalaba kwa niaba yake.

Alipogundua kwamba anayekunywa ni mti, si baba yake, midomo ya mzee ilikuwa imeshapasuka na figo zimechoka. Alimgombeza, akamlilia, akamshikia kikombe. Baudilio alikunywa nusu mbele ya macho yake, na binti alipogeuka, nusu nyingine ikaenda mlangoni. Mti ukapukutisha majani vilevile. Mlimau uliozoea mfereji hauponi kwa kikombe.

Alikufa mwezi wa Agosti, wiki ambayo lori halikupita. Orfelina alilowesha kitambaa kwa maji yaliyosalia katika birika, akamfuta uso, akamfuta mikono ile iliyopasuka kwa jembe. Kwenye miguu kitambaa kilikuwa kimeshakauka.

Nicanor alikuwa amesimama uani, kaegemea nguzo.

"Binti yangu, nikakuletee ndoo kutoka langoni?"

Orfelina aliinua uso. "Kumbe unaweza?"

 Nicanor akabaki kwenye nguzo, hakwenda. Orfelina akamfunika baba yake shuka, miguu ikiwa bado ina vumbi, akapiga magoti, akaanza rozari.