Machozi Kabla ya Matanga

Kwetu, mugonjwa akiwa angali hai, hapana kumulilia. Bakubwa banasema machozi ya mapema inaita kifo mu nyumba. Donc mimi, binti wa mwisho, mwenye nilibakia na mama yetu hapa mu mutaa wa Vulamba wakati kansa ilimulaza, nilikatazwa kulia hata kidogo. Dada yangu mukubwa anakaa muji ingine, Beni, mu mutaa wa Bungulu. Barabara haikuwa ya kuamini sababu ya vita, hakuweza kuja. Mais kuamuru, lo, aliweza. Kila asubuhi ku telefone: ujikaze, usilie, utamuua mama.

Basi nilijikaza. Nilimugeuza mama ubavu ili vidonda isimule mugongo, nilimufulia mashuka, nilimunywesha ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu yenye infirmier, muuguzi, alituachia. Mbele tuhamie hapa, mama alikuwa mulimaji kule Luofu, mwanamuke wa kupanda mulima na gunia ya viazi ku mugongo. Sasa nilikuwa namuinua kama mutoto. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniua, hapana kazi. Kazi naijua.

Machozi ikinijia, nilikimbilia jikoni. Jiko yetu ni ya mbao, iko inje. Nilifunga mulango, nikauma kitambaa, nikalia bila sauti. Nikirudi na macho mekundu, nilisema ni moshi, kuni ni mbichi. Nilifikiri mama ameamini.

Kila Alhamisi bamama ba kanisa balikuja kumuangalia. Batu bazuri, balileta sukari na sabuni. Balikaa mu salon, bakaimba, bakaomba, bakauliza: mugonjwa ameamuka aje? Anakula? Mimi niliwapikia chai, nikawasindikiza mpaka ku barabara. Hakuna hata mumoja aliniuliza mimi nimelala aje. Acha niseme kweli: siku ingine nilitamani kumwaga ile chai yote chini.

Alhamisi moja, mumoja wao aliona macho yangu. Akanivuta pembeni, akanionya nisimuitie mama yangu mabaya. Nikamwambia ni moshi. Akatikisa kichwa, akaenda na wenzake. Nikaanza kukusanya vikombe.

Mama alisikia yote, sababu mulango ya chumba chake ni pazia tu. Akaniita. Akaniambia nifunge mulango ya inje, nikae ku kitanda. Nilifikiri anataka maji, ao kugeuzwa. Akanishika uso na ile mukono yake yenye ilibakia mifupa.

"Zile kuni nilinunua mimi mwenyewe mbele ya ugonjwa kunilaza," akasema. "Ni kavu. Hiyo moshi inatoka wapi?"

Nikataka kusimama, akanishikilia, akaniita "mama" vile kwetu banaita mutoto wa kupendwa.

"Lia sasa, mama yangu. Lia wakati ningali na mukono ya kukupangusa. Siku ya matanga, nani atakupangusa?"

Nikamwambia bakubwa balikataza. Akasema mwenye kufa ni yeye, hapana bakubwa, kwa hiyo ruhusa ni yake. Haki, alicheka kidogo, kisha maumivu ikamukata.

Nililia. Niliweka kichwa ku kifua chake nikalia yote, ya vidonda, ya mashuka, ya dada, ya ile chai. Alinipangusa na ncha ya kikwembe, kile kitenge alijifunika, polepole, anapumzika, anaendelea, kama vile alifanya nikiwa mudogo nimeanguka mu mawe. Mukono ikachoka, ikaanguka. Nikaiokota mwenyewe, nikairudisha ku shavu yangu.

Mama alikufa mbele ya Alhamisi ingine kufika. Siku ya matanga dada yangu alifika, na barabara ile ile, akajitupa chini, akalia mpaka bamama ba kanisa bakamushika, wawili huku na huku. Mimi nilikaa ku mukeka pembeni ya mwili wa mama, macho makavu. Nyuma yangu nilisikia bamama bananong'ona: huyu moyo yake ni jiwe. Mwingine akasema labda nilishachoka naye, nimefurahi amekwenda.

Machozi ilikuwako. Mais nilikuwa natafuta ile mukono ya mama, na ile mukono wenye kumuosha walikuwa wamekwisha kuifunga mu kikwembe.