Kura ya Mzee

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Miaka ya tisini nilikuwa katibu wa tawi la chama chetu hapa Kisumu, chama kisichopenda mabadiliko. Wawili waliwania tiketi ya urais: mmoja tulimwita Mzee, mwingine Mwalimu. Nikatumwa kuwauliza akina mama wauza samaki wa ufuoni.

"Mama, kura yako ni ya nani?"

"Hiyo ni ya mzee," walijibu wote, wakiendelea kupara samaki.

Mkutanoni nikatunisha kifua, nikatangaza kwamba ufuo mzima unamtaka Mzee. Mwenyekiti akamwomba Mama Atieno, mmoja wa wale wauzaji, aeleze sababu.

"Mzee gani?" akashangaa. "Nilisema kura ni mambo ya mzee wangu wa nyumbani. Ukiniuliza mimi, nataka Mwalimu."